Mengineyo

Mimi ndiye katibu wa tawi, kalamu ni yangu.
Miaka tisa naandika mihtasari
katika daftari lililoota kutu kwenye pini,
na miaka tisa mtaro wa Kigogo
haujawahi kupanda juu ya namba saba.
Moja, kufungua kikao. Mbili, yatokanayo.
Tatu, ada. Nne, uchaguzi,
tano, uchaguzi, sita, sare za uchaguzi,
saba, Mengineyo:
hapo ndipo tunapouweka mto.

Saa hiyo soda zimeisha.
Mwenyekiti anachungulia saa,
mtu anasaka kiatu chini ya benchi.
Sikudhani Kondo husimama, unga wa chapati ungali viwikoni,
husema, "Mwenyekiti, mtaro."
Mwenyekiti hujibu, "Limepokelewa."
Nami huandika: limepokelewa.
Lihesabu neno hilo katika daftari langu,
utalikuta mara thelathini na moja.
Sijui limepokelewa na nani.
Sijui limewekwa wapi.

Mwaka huu tulipata mgombea,
Mbaraka Lukwele, kijana wa sauti.
Kaulimbiu niliitunga mimi, usiku, kwa tochi ya simu:
MAJI MPAKA MLANGONI.
Tukaichapa kwenye plastiki, mita nne kwa mbili,
na uso wake, na meno yake yote.
Kofia mia sita. Bendera za nailoni kila nguzo,
hata nguzo iliyolala.
Maji ya chupa kwa kila aliyekuja kushangilia,
na asiyeshangilia naye akachukua mbili.
Asubuhi uwanja ulikuwa mweupe kama umeanikwa dagaa.
Wapinzani walifanya vivyo hivyo kesho yake,
kwa rangi yao.
Kwa jambo hili hatujawahi kupingana.

Tukashinda.
Vuli ikaja ngoma haijapoa,
wala haikumuuliza mtu kadi.
Msimbazi ukajaa, mtaro ukakataa kumeza,
maji yakarudi nyuma yakitafuta mwenyewe.
Yakafika mlangoni.
Ndiyo ahadi pekee tuliyowahi kuitimiza kwa usiku mmoja,
tena kwa ziada: yakafika godoro,
yakafika swichi,
yakampandisha bibi wa Sikudhani juu ya kabati
na redio yake kifuani.

Alfajiri Sikudhani alishuka kwenye kalvati
na reki, na kamba, na vijana wanne wa bodaboda.
Walivuta. Kitu kikavutika.
Walipokitoa, mtaro ulibeua, kisha ukanywa,
na mtaa mzima ukasikia.

Alikuja nacho kikaoni, begani, kimekunjwa.
Akakitandaza juu ya meza ya tawi,
juu ya soda, juu ya daftari langu.
Jicho moja lilikuwa tope. Meno yalikuwa safi.
Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ametuma udhuru,
nikabaki na kalamu hewani:
nimwandike kwa waliohudhuria
au kwa wasiohudhuria?

Mwenyekiti akakohoa. "Limepokelewa."
"Bado," Sikudhani akasema.
"Lipokee. Kwa mikono."

Mtu alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha.
Mwenyekiti alitazama shati lake jipya la chama.
Tone lilidondoka kutoka pembeni mwa herufi M,
likatua kwenye ukurasa,
namba saba ikavimba, ikatawanyika.
Ncha ya kwanza niliishika mimi.
Maneno yale ni yangu, nitasemaje?
Lilikuwa zito. Lilinuka kama sisi.
Ncha ya pili ilikaa muda mrefu bila mtu.

Ajenda ya kikao kijacho nimeiandika jana:
Namba moja, mtaro.
Mahali, kwenye kalvati, saa moja asubuhi.
Kila mjumbe aje na reki. Sare si lazima.
Nimeibandika ukutani kwa gundi ya unga
aliyonipa Sikudhani.

Mwenyekiti hajatia sahihi.
Anasema kalamu yake imeingia maji.